Kambi za kujitolea vijijini Thailand: ziendelee zilivyo, zibadilishwe, au zifungwe?

MLETA MADA
Wakuu, habari za jioni. Mpwa wangu yuko chuo mwaka wa 3 na amekubaliwa kwenye kambi ya kujitolea ya kimataifa kusini mwa Thailand. Ni wiki 2, vijana 12 kutoka nchi tofauti, kijiji cha wavuvi, kazi ni kupanda mikoko. Chakula na malazi anachangia, nauli ni juu yake. Dada yangu amekataa katakata: hiyo nauli inamsomesha mdogo wake mwaka mzima. Naomba tujadili. Kambi hizi zinakifaa kijiji kweli, au zinamfaa anayekwenda tu?

Naanza mimi, kwa sababu niliwahi kwenda. Ilikuwa mkoa wa Satun, upande wa bahari ya Andaman. Tukisikia Thailand wengi tunawaza mahekalu ya Kibuddha, lakini Satun wakazi wengi ni Waislamu. Pale kijijini niliamshwa na adhana, na mama aliyenipokea, aliposikia nimemwitikia salamu yake sawasawa, alinivuta jikoni kabla sijatua begi.

Sasa kazi. Tulipewa mbegu za mkoko, zile ndefu kama maganda ya mlonge, tukawa tunazichomeka kwenye tope huko mbele kabisa, maji yakiwa yamekupwa. Siku 3 tumezama hadi magotini, mistari imenyooka, picha tumepiga. Mzee mmoja mvuvi alikuwa anatutazama kutoka kwenye mtumbwi wake, kimya. Siku ya nne akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya kijiji kwenye bwawa la kufugia kamba wa baharini lililotelekezwa. Akapiga mguu kwenye tuta linalozuia maji, akachota udongo kwa kiganja, akautupa kando, akanyoosha kidole baharini. Mkalimani alipofika ndipo nikaelewa: toboeni hapa, maji yaingie na kutoka, mikoko itaota yenyewe. Kule mlikopanda, mawimbi yatazoa yote.

Mtu wa Rufiji au Lamu angemwelewa bila mkalimani. Mbele ya maji ni pa mlilana na mchu, mikoko ya aina nyingine; mkoko huu tuliopanda una mahali pake nyuma. Thailand ilipoteza mikoko mingi kwa mabwawa ya kamba miaka ya 1980 na 1990. Halafu baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, fedha na watu wa kujitolea walimiminika pwani nyingi za Asia, wakapanda vilevile kama sisi, na miche mingi sana ikafa. Siku zetu za mwisho tulichimba lile tuta pamoja na wanakijiji, kwa majembe yao. Ndiyo kazi pekee ya kambi ile ninayoweza kuisimamia mbele yenu.

Kwa hiyo mimi nasema ziendelee, ila kazi na mahali pa kuifanyia achague mwenyeji.

MCHANGIAJI WA 2
Napinga hoja, mkuu. Mfano wako mwenyewe unakusuta. Siku 3 za watu 12 zimepotea kwa sababu hakuna aliyemuuliza mzee. Kijiji kina vijana wenye nguvu, kina mafundi. Nauli za watu 12 zingewalipa hao mafundi miezi kadhaa, na kama ni ukuta, ungesimama wima. Mimi ni fundi uashi. Nimeona wageni wakijenga choo cha shule hapa kwetu, na jioni wakienda kulala sisi tunabomoa kozi 2 za matofali tunaanza upya, kimyakimya, wasije wakajisikia vibaya. Halafu kuna sheria. Thailand hata kazi isiyo na mshahara kwa kawaida inadai viza inayofaa na kibali, lakini wapo wanaoingizwa kama watalii. Mpwa wako akikamatwa, nani atamtoa?

MCHANGIAJI WA 3
Mimi ni mwalimu wa msingi. Mikoko sina la kusema, ila zile kambi za kufundisha watoto Kiingereza wiki 2 zinaniumiza. Mgeni anafundisha rangi na namba, anaondoka. Anakuja mwingine, rangi na namba tena. Mwalimu wa darasa kapisha, kakaa pembeni. Na vituo vya yatima ndiyo kabisa: mtoto anamzoea mtu, anaachwa, kila mwezi. Hizo zifungwe.

MLETA MADA
Mwalimu, nakuunga mkono kwa asilimia 100.

Fundi, hesabu yako ya nauli ni sahihi, siwezi kuipangua. Lakini kambi hizi hazikuanza kama msaada. Ya kwanza inayokumbukwa ni ya mwaka 1920, kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa, chini ya Mswisi Pierre Cérésole. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekiangamiza kijiji, na miongoni mwa waliokuja kukijenga walikuwamo Wajerumani. Ilidumu miezi michache tu, chuki bado ilikuwa mbichi. Shabaha ilikuwa watu waliouana waje kula chungu kimoja. Ukipima kambi kwa matofali, fundi wa kijijini atashinda kila mara, na ni haki yake ashinde.

Thai wana jambo wanaloliita long khaek: wakati wa kuvuna mpunga majirani wanaalikana shamba kwa shamba, na khaek maana yake ni mgeni. Ni msaragambo wa Wapare mtupu. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe anatoa mwenyeji, na ndiye anayeonyesha pa kulima. Kwenye kambi yangu tulikuja na jembe letu na shamba tumeshalichagua, ndiyo maana tulipotea siku 3.

Nimemwambia mpwa wangu awaandikie waandaaji maswali 3 kabla ya kulipa: nani alichagua mahali pa kupanda, nani ataitunza hiyo mikoko ninyi mkishaondoka, na mtaingia kwa viza gani.

MLETA MADA (nyongeza)
Wamejibu leo asubuhi. La viza wamelieleza vizuri, watamwombea inayostahili. La kutunza, wanasema kuna kikundi cha kina mama. La mahali pa kupanda, wanasema watawauliza kijijini kisha watarudi kwetu. Pesa hajatuma. Anasubiri jibu la kijiji.