Nataka kurudi San Andreas na safari hii kuimaliza: laptopu ya Windows 11, nianzie wapi?

Kijana_Sakina (Arusha):
Wakuu, salama? Nina laptopu ya mtumba: Core i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8, haina kadi ya picha ya peke yake, Windows 11. Gemu ya GTA San Andreas ipo kwenye akaunti yangu ya Steam (duka la gemu mtandaoni) tangu kabla hawajaiondoa sokoni mwaka 2021. Tatizo ni kwamba picha inavutika kwa upana, mausi inagoma mara kwa mara, na nyimbo za redio zimepungua. Nataka kucheza misheni zote mpaka ya mwisho bila chiti (kodi za kudanganya gemu) hata moja. Nitengeneze hii hii au nikachukue Definitive Edition, ile iliyotengenezwa upya? Bando langu ni la kuhesabu, mnielewe.

Fundi_Majengo (Moshi):
Baki na ya zamani, kaka. Definitive ni GB 45 kwa zile gemu tatu kwa pamoja, na inataka kadi ya picha ya kueleweka. Laptopu yako itaiendesha kwa kuburuza. Hii ya kompyuta ilitoka 2005 na mahitaji yake ya chini yalikuwa Pentium III ya GHz 1, RAM MB 256, kadi ya MB 64 na nafasi ya GB 3.6. Kwa mashine yako hiyo ni kazi ndogo sana.

Nyimbo zilipungua kwa sababu leseni za muziki ziliisha, na mwaka 2014 Steam ikatoa toleo jipya lisilo na nyimbo hizo. Toleo hilo ndilo pia linalokataa marekebisho mengi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kulirudisha kuwa toleo la kwanza, 1.0, kwa programu ya kurudisha toleo la nyuma (downgrader). Utajua imekubali ukikuta gta_sa.exe, faili la kuwashia gemu, ina baiti 14,383,616. Ikiwa tofauti na hapo, usiendelee na hatua nyingine, utapoteza muda bure. Na sevu zako za toleo la Steam usizitegemee, anza upya.

Kabla ya hapo, toa folda nzima ndani ya Program Files uiweke mahali kama C:\Michezo. Ukiiacha kule, Windows inazuia faili zisibadilishwe, halafu unadhani kiraka (faili la marekebisho) ni kibovu kumbe hakikuingia kabisa. Windows ikiuliza kuhusu DirectPlay, kubali.

Baada ya hapo weka ASI Loader, inayoingiza viraka kwenye gemu, kisha SilentPatch, kisha Widescreen Fix ya ThirteenAG. Zote tatu ni faili ndogo, bando halitaumia. SilentPatch inatibu mausi na makosa mengine mengi ya tangu enzi hizo, Widescreen Fix inanyoosha picha na ramani ya pembeni. Ishia hapo kwanza. Watu wanajaza magari mapya na majani ya kisasa siku ya kwanza, gemu ikianguka hawajui waanze kutoa kipi.

Na hili lizingatie sana: nenda Options, Display Setup, Advanced, uache Frame Limiter ikiwa On. Hiyo ndiyo inayoweka kikomo cha fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. Najua fremu 25 au 30 kwa sekunde zinaonekana chache ukiwa umezoea 60. Lakini hesabu nyingi za gemu hii zimefungwa kwenye fremu. Ukifungulia, CJ, mhusika unayemchezesha, anaogelea kama anavutwa miguu, na misheni ya Amphibious Assault kule mji wa San Fierro haikubali kuanza mpaka uwe umejenga pumzi kwa kupiga mbizi. Utakaa majini mpaka uchoke, ukidhani ndivyo gemu ilivyo.

Ikigoma kuwaka kabisa, fungua Documents, GTA San Andreas User Files, ufute gta_sa.set. Hiyo ni mipangilio tu, sevu zako haziguswi.

DadaNeema_Himo:
Samahani kwa kudandia uzi. Mimi nacheza 1.0 bila kiraka chochote, Windows 11 imejisasisha kuwa 24H2, na sasa ndege ya majini ya Skimmer haipo popote. Bandarini maji matupu. Faili zimeharibika?

Fundi_Majengo (Moshi):
Hazijaharibika, dada. Kosa lilikuwemo tangu mwanzo. Fungua folda ya data, faili la vehicles.ide, tafuta mstari unaoanza na 460. Uko hivi:

460, skimmer, skimmer, plane, SEAPLANE, SKIMMER, null, ignore, 5, 0, 0

Linganisha na ndege nyingine utaona namba nne za mwisho hazipo, zikiwemo za ukubwa wa magurudumu. Gemu inausoma mstari bila kukagua kama namba zimekamilika, kwa hiyo inaokota kilichobaki kwenye kumbukumbu kutoka kwa gari lililosomwa kabla yake, ambalo lina 0.7. Miaka yote mabaki hayo yakawa yanaibeba Skimmer. 24H2 inaitumia sehemu ile ya kumbukumbu kwa namna nyingine, mabaki yanafutwa, ndege inapata kipimo cha ajabu na kurushwa juu sana angani. Ndiyo maana huioni. Silent aliyetengeneza SilentPatch alilichambua kosa hili mwaka 2025, na ni kazi nzuri mno.

Malizia mstari kwa , -1, 0.7, 0.7, -1 usevu, au weka SilentPatch mpya.

DadaNeema_Himo:
Imerudi! Asante sana kaka.

Mzee_wa_Njoro (Moshi):
Kijana, umeamua vema kuacha chiti. Kwenye mabanda ya PS2, kuanzia Ngarenaro mpaka Majengo, muda ulikuwa wa kulipia, kwa hiyo watu walibonyeza chiti za silaha na kifaru wakaishia kukimbizana na polisi. Wengi wanaoijua Grove Street, mtaa wa CJ, hawajawahi kufika mji wa Las Venturas kwa miguu ya hadithi yenyewe.

Mapema kabisa, ukifunguliwa njia ya kutoka mji wa kwanza, Los Santos, nenda Angel Pine ufanye kazi ya ambulansi. Hatua 12, wagonjwa 78 kwa jumla, mfululizo bila kushuka garini. Gari linabeba watatu kwa mpigo. Pale mji ni mdogo na hospitali iko jirani, huhangaiki na foleni. Zawadi yake ni uhai wa CJ kuongezeka mpaka kiwango cha juu. Zimamoto hatua 12 nayo inakufanya usiungue, na hiyo utaishukuru kwenye misheni ya mwisho, jengo likiwaka moto nawe uko ndani.

Ile misheni ya kufukuza treni kwa pikipiki ukiwa na Big Smoke, kosa la wengi ni kulisogelea treni. Kaa kulia kwa reli, acha nafasi, uende sambamba na behewa wanakosimama maadui wanne, ili Smoke awe na mwanya wa kulenga. Hela usizimalize kwenye nguo: uwanja wa ndege wa Verdant Meadows ni dola 80,000 na hadithi haisogei bila kuununua. Misheni za mhusika Zero na vile vindege vyake unaweza kuziruka, hazizuii mwisho. Lakini kabla ya End of the Line, ile misheni ya mwisho, lazima ushike asilimia 35 ya maeneo ya magenge.

Kijana_Sakina (Arusha):
Shikamoo mzee, nimeelewa. Exe imetoka na baiti hizo hizo, mausi imetulia. Kuna rafiki ananipa sevu yake iliyofika mbali. Niitumie?

Mzee_wa_Njoro (Moshi):
Marahaba. Usiitumie kama hujui alibonyeza nini. Chiti za kubadilisha tabia za wapita njia, kama ile ya ghasia, zikishasevuliwa hazitoki. Ukifika misheni ya kumwokoa rapa Madd Dogg, anajirusha kutoka juu kabla hujamdaka, kila ukirudia. Gemu inaishia hapo.

Fundi_Majengo (Moshi):
Pia haijisevu yenyewe, ni nyumbani tu. Laptopu ya mtumba betri huwa imechoka, umeme ukikatika katikati unarudi nyuma. Sevu kila baada ya misheni, badilisha nafasi kati ya zile nane, na nakili GTASAsf1.b mpaka GTASAsf8.b kwenye flashi kila wiki.