Zana za kusaka hitilafu ziizuie keneli ya Linux kubadilika?

Mkesha: Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili bila jazba. Kazini tumepandisha seva kutoka keneli (kiini cha mfumo wa Linux) toleo la 5.4 hadi 5.15. Saa nane usiku moja ikaanguka. Nikafungua vmcore, yaani nakala ya kumbukumbu ya mashine iliyoanguka, kwa crash, zana ileile ya kuisoma ninayoitumia miaka yote, logi haisomeki. Kumbe kwenye 5.10, ile ya Desemba 2020, hifadhi ya ujumbe wa printk (njia ambayo keneli inaandikia logi yake) iliandikwa upya, na crash ya zamani inatafuta logi mahali ambapo haipo tena. Msimamo wangu: kitu ambacho zana inakitegemea ili tujue mashine imekufa kwa nini, kisiguswe mpaka zana iwe tayari.

Kitasa: Mkuu, ndani ni ndani. Torvalds, mwanzilishi wa Linux, anakataza kuharibu programu za watumiaji, na hiyo inahusu mlango wa mbele, yaani miito ya mfumo. Crash haipiti mlangoni, inasoma kumbukumbu yenyewe. Ile hifadhi ya zamani ilitegemea kufuli, yaani mmoja akiandika wengine wangoje; mpya imeundwa ifanye kazi bila kufuli, hata mashine ikiwa inakata roho. Tubaki na mbovu kwa sababu wewe hujasasisha zana? Na kusema kweli, asiyesoma C, lugha iliyoandikia keneli, hana kazi na vmcore.

Mama_Paketi: Ndani ni ndani, mbona kwa powertop, zana ya kupima matumizi ya umeme, walirudi nyuma? Mwaka 2010 hivi, walitoa sehemu moja kwenye tresipointi (vituo ndani ya keneli vinavyorekodi matukio), powertop ikaharibika, wakairudisha.

Kitasa: Ilikuwa 2011, dada. Kufuli kubwa la keneli lilikuwa limeondolewa, kwa hiyo lock_depth, ile sehemu iliyotolewa, haikuwa na maana tena. Powertop ilikuwa imekariri nafasi za baiti badala ya kusoma faili la format, lenye mpangilio wa kila tukio, ambalo keneli yenyewe inalitoa. Ikabidi baiti 4 tupu zirudishwe kwenye kila tukio, kazi yake ni kujaza nafasi tu. Mzigo huo tuliubebeshwa wote kwa uzembe wa zana moja.

Mkesha: Narudi kwenye neno lako, Kitasa. "Asiyesoma C." Mimi sikusoma chuo. C nimejifunza kwenye simu, ndani ya daladala, na ile vmcore niliifungua peke yangu wakati wenye vyeti wamezima simu. Usinipangie kazi.

Bandarini: Hapo Kitasa umeteleza. Wanaoandika keneli wangeamshwa usiku kama sisi wangebadilisha mambo kwa adabu zaidi.

Kitasa: Sijataja chuo popote. Na nani kakwambia wao hawaamshwi? Hitilafu ya keneli ikiripotiwa leo anayeisaka ni nani?

Bandarini: Kuamshwa na barua pepe si sawa na kuamshwa na bosi.

Mama_Paketi: Jamani, tumeacha swali. Tazameni 5.14, mwaka 2021. Kwenye task_struct, muundo ambao keneli inatunzia habari za kila kazi inayoendeshwa, sehemu ya hali ya kazi, `state`, iligeuzwa `__state`, tena jina lilibadilishwa makusudi ili kila mahali panaposoma sehemu hiyo papatikane na kurekebishwa. Runqlat, zana ya mkusanyiko wa BCC inayopima kazi zinangoja CPU muda gani, ilikuwa inasoma jina la zamani. Hapo mimi siwalaumu, kwa sababu mabadiliko yenyewe yalikuwa ya kuzuia makosa. Dawa ni BTF, maelezo ya aina za data yanayokuja na keneli: keneli inaeleza miundo yake, zana inauliza kwanza sehemu ipo au haipo.

Kitasa: Ndicho ninachosema tangu mwanzo.

Mkesha: Hukusema hicho. Ulisema nisasishe zana. BTF inaniambia sehemu imehamia wapi, sawa. Haiwezi kuniambia maana yake imebadilika. Siku hifadhi ya printk ilipobadilishwa, ilibidi mtu akae aandike upya msomaji wa logi ndani ya crash. Nauliza nani alipaswa kuandika, aliyebadilisha au sisi tunaotumia?

Bandarini: Aliyebadilisha. Fundi akihamisha bomba ndani ya ukuta, mchoro mpya anautoa yeye.

Kitasa: Kwa zana zilizomo ndani ya chanzo cha keneli, kama skripti za gdb (zana nyingine ya kusaka hitilafu), nakubali, arekebishe yeye. Kwa kila zana iliyoko duniani, hapana. Hakuna anayezijua zote.

Mama_Paketi: Basi angalau ziingizwe humohumo zile zinazotegemewa na watu wengi. Crash nayo.

Kitasa: Halafu matoleo yake yafungwe na ya keneli? Wewe unayesoma vmcore ya 5.4 na ya 5.15 siku moja utatumia ipi?

Chumvini: Nimeingia sasa hivi. Huyo anayesema asiyesoma C hana kazi na vmcore, mwaka wa kwanza alijifunzia wapi, kama si kwenye mashine iliyoanguka?