Vifungo vya kutoa wakati wa kufua: tundu linapanuka

OtiKibuye: Mafundi, kuna oda ya makoti 12 ya wapishi hapa Kisumu, vifungo vitolewe kabla ya kufua. Nimeweka vya kishina (kijiguu chenye kitundu nyuma ya kifungo), na pete ya waya inayopita humo kwa nyuma ya kitambaa. Tundu linapanuka, kifungo kinaning'inia. Kosa liko wapi?

SindanoNakuru: Tundu. Upande unaobeba kifungo hautaki tundu refu, ni kitundu cha duara tu, kishina kipite kwa kubanwa kidogo. Na usikate kwa mkasi! Toboa kwa msharasi, ile sindano nene ya kutobolea: unasukuma nyuzi kando, mkasi unazikata na kitambaa kinaanza kufumuka. Kabla ya kutoboa, bandika kitambaa kigumu kwa ndani kwa pasi, kisha zungushia mishono ya karibukaribu kwa mkono. Upande wa pili ndio wa tundu refu: upana wa kifungo jumlisha unene wake. Kifungo cha milimita 20 chenye unene wa 4, tundu 24.

FundiBarasa: Angalia kishina pia. Kikiwa kirefu kupita kiasi, kifungo kinainama hata tundu likiwa sawa. Weka kifungo kidogo bapa nyuma, kati ya kitambaa na pete, kijaze nafasi.

OtiKibuye: Pete ni kama za funguo, zinavunja kucha.

FundiBarasa: Basi tumia vya vichwa viwili, kimoja kila mwisho wa kishina kifupi. Matundu marefu yawe pande zote mbili, na hakuna pete ya kupotea.