Italia kwa gari, siku nne: Bologna na Parma au Puglia?

Tumbo_Kwanza
Wakuu habari za jioni. Mimi na mke wangu tuna siku nne Italia mwezi wa tano. Tiketi zimeshakatwa, bado gari tu. Nataka kula vyakula vya wenyeji hasa, na macho nayo yapate chochote. Nimebaki na njia mbili: Bologna–Modena–Parma, au kule chini Puglia. Kesho jioni nalipia gari. Naombeni ushauri.

Kibiriti
Tiketi zimekatwa za kushuka wapi mkuu? Nguruwe mnakula? Klachi unaijua au umezoea otomatiki? Leseni ya kimataifa unayo? Mleta mada ukificha haya sisi tutapiga ramli tu.

Mchuzi_Mzito
Parma, wala usijiulize mara mbili. Nenda kiwandani wanakotengeneza jibini la Parmigiano, ila udamke, kwa sababu maziwa ya jana jioni yanachanganywa na ya asubuhi na ikifika saa sita kazi imekwisha. Gurudumu moja linakula kama lita 550 za maziwa na linakaa rafuni miezi 12 kwenda juu. Mkaguzi analigonga kwa kinyundo huku kainamisha sikio, kama mama anayechagua tikiti maji sokoni. Modena nako kuna siki ya miaka 12, na nyingine 25. Unadondoshewa matone mawili kwenye kijiko, basi.

Binti_Forodhani
Mchuzi, hujasema kwamba huko nguruwe yumo mpaka ndani ya tambi! Tortellini zimejazwa nyama yake, soseji ya mortadella ni yeye, hata mkate wa piadina kwa asili unakandwa na mafuta yake, uliza kwanza. Mimi nasema Puglia. Bari mji wa kale wanawake wanakaa mlangoni na meza zao, wanakata unga kwa kisu na kuupindua kwa kidole gumba, sikio hilo limetoka. Ndiyo orecchiette. Halafu kuna maharage mapana yaliyopondwa yakalainika, pembeni mboga chungu, juu mafuta ya zeituni. Nilipoonja nikasema huu ni mchunga wa bibi yangu kabisa! Alberobello na vile vijumba vya paa la pia ni mwendo wa saa moja tu, na Matera, mji wa nyumba za mapangoni, hauko mbali.

Dereva_Mstaafu
Mnaongea chakula, mimi naongea faini. Mji mmoja wa Toscana, ramani ya simu inaniambia nyooka. Mbele kuna kibao cheupe chenye duara jekundu na maandishi "zona traffico limitato", yaani eneo la magari yenye kibali tu. Chini taa zinaandika "varco attivo". Nikajua attivo maana yake pamefunguliwa, karibuni. Kumbe ni kamera ndiyo iko kazini! Nikaingia, nikakosa maegesho, nikatoka, nikazunguka, nikaingia tena. Mara tatu. Nikala, nikalala, nikarudi nyumbani roho kwatu. Miezi ikapita, kampuni ya gari ikakata hela kwenye kadi yangu, eti ada ya kuwapa polisi jina langu. Kuwapa jina tu! Baada ya hapo zikaja barua tatu, kila moja na faini yake, zaidi ya yuro 80. Siku hizi gari naliacha nje ya ukuta, natembea.

Mgosi_wa_Lushoto
Mbona hakuna anayetaja kaskazini kwenye milima? Kule wanakula polenta, ambayo ni ugali wetu ule ule.

Kibiriti
Polenta si ugali. Ule ni uji umeganda, na wanaula kwa uma.

Mgosi_wa_Lushoto
Ya asili inamwagwa kwenye ubao na kukatwa kwa uzi. Uji gani unakatwa kwa uzi?

Tumbo_Kwanza
Samahani, nilikuwa kazini. Tunashuka Milano na kuondokea Milano. Klachi naiweza. Mimi nakula vyote, mama watoto hali nguruwe. Leseni ninayo ya hapa Tanzania tu, haitoshi?

Dereva_Mstaafu
Haitoshi. Chukua ya kimataifa kabla hujasafiri.

Mchuzi_Mzito
Milano! Mpaka Bari ni karibu kilomita 900. Siku mbili kati ya nne mtaziona kupitia kioo. Parma ni mwendo wa saa moja na nusu. Mama aagize tortelli d'erbetta, ndani ni jibini laini na mboga za majani.

Binti_Forodhani
Kuna ndege za ndani Milano–Bari. Gari akodi hukohuko. Mchunga haungoji mtu.

Tumbo_Kwanza
Nimemsomea mke wangu uzi wote. Anauliza, kwani Venice hatufiki?

Dereva_Mstaafu
Venice gari linaishia Piazzale Roma, na maegesho pale ni bei ya chumba cha wageni. Sasa unakodi la nini?

Kibiriti
Mgosi, huo uzi ni wa kushonea au wa kamba?

Mgosi_wa_Lushoto
Wa pamba, mnene kidogo. Unaupitisha chini, unavuta juu.