Naombeni ushauri: nimeachiwa tegu, yuko kwenye tangi la samaki na vidole vinamtetemeka, nimjengee banda la aina gani?

BabaRehema
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naombeni msaada kwa mwenye uzoefu maana hapa nimekwama kabisa.

Niko Columbus, Ohio. Jamaa mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi kahamia Florida mwezi uliopita, na kule tegu wamepigwa marufuku kufugwa tangu 2021 kwa hiyo hakuweza kwenda naye, akaniomba nimchukue. Mi nimekulia Muheza, kenge nimewaona toka mdogo wakija kuiba mayai ya kuku wa bibi, nikajua huyu naye ni kenge tu nitamudu. Kumbe sijui kitu. Kwa wasiomfahamu, tegu ni mjusi mkubwa wa Amerika Kusini, huyu wangu ni wa Argentina, mweusi na mabaka meupe, ndo maana binti yangu wa miaka tisa anamwita Punda, yani pundamilia. Ana mwaka na nusu na nimempima kutoka puani hadi ncha ya mkia ni sentimita 75.

Amekuja na tangi la kioo la samaki la kama lita 150, chini magazeti, juu taa nyekundu inawaka usiku na mchana, na kuna jiwe la umeme la kumpasha joto. Chakula ni nyama ya bata mzinga ya kusaga na mayai mabichi, basi. Asubuhi namsogeza dirishani apate jua. Juzi jioni Rehema kampakata akaniita, baba njoo uone, nikamwangalia vidole vya mguu wa nyuma vinachezacheza vyenyewe kama vya mtu anayepiga kinanda, na kidole kimoja kina pete ya ngozi kavu imekibana mpaka kimevimba. Halafu wiki hii hataki kula vizuri, analala tu. Duka la vifaa vya wanyama waliniambia ni kawaida, baridi ikianza wanalala.

Nimelala vibaya siku mbili. Mnyama kaletwa kwangu, siwezi kumwangalia anaharibika. Naombeni mnielekeze banda, taa, chakula, kila kitu.

Kipusa_wa_Minnesota
Pole sana kaka, na asante kwa kuuliza mapema. Nimefuga tegu miaka sita sasa, so nisikilize vizuri hapa: kabla ya ubao na misumari, kesho piga simu kwa daktari wa wanyama anayetibu reptilia, si kila daktari wa mbwa na paka anawajua. Hiyo kutetemeka vidole ni dalili ya mwili kukosa kalsiamu, mifupa inalainika, taya linakuwa kama mpira, miguu inapinda. Ikishikwa mapema anaweza kupona, ukichelewa atabaki na ulemavu.

Na ile story ya duka ni nusu ukweli. Ni kweli tegu wa Argentina hulala miezi kadhaa baridi ikiingia, kwao huko huingia shimoni na kutoka baridi ikiisha. Lakini mwenye afya ndio anafaa kulala. Mgonjwa akilala na njaa na mifupa dhaifu, anaweza asiamke. Mwaka huu usimwachie alale, mpe joto na mwanga wa kutosha awe macho ale.

Jua la dirishani pia lisikudanganye, kioo kinazuia ile miale ya UVB ambayo ndiyo inamsaidia kutengeneza vitamini D, na bila hiyo vitamini hata umpe kalsiamu kilo nzima haitashika. Anaota joto tu hapo. Hilo jiwe la umeme litoe leo hii, linawachoma tumbo na hawashtuki mapema. Mgeuze uangalie tumbo.

BabaRehema
Nimemgeuza sasa hivi. Kuna alama mbili za kahawia tumboni, ngumu kama ukoko wa wali. Jiwe nimeling'oa. Daktari nimempata wa Alhamisi.

Fundi Seremala Mzee
Mwanangu, mimi useremala nimeufanya Dar miaka mingi na hapa Kentucky nimeshajenga mabanda mawili ya hawa wanyama, moja la mwanangu na moja la jirani. Tegu akikomaa anafika mita moja na robo, dume hata zaidi kidogo, na anaishi miaka 15 hadi 20, kwa hiyo jenga mara moja, jenga kubwa. Kipimo cha chini ni futi 8 kwa 4 kwa 4, na hapo Mungu amekurahisishia maana karatasi ya plaiwudi huku inauzwa futi 8 kwa 4. Karatasi moja ni sakafu, moja mgongo, moja dari, ya nne unaikata katikati unapata ubavu wa kulia na wa kushoto. Mbele usiweke kioo kuanzia chini, weka kwanza ubao wa sentimita 40 wa kuzuia udongo, juu yake ndiyo milango ya kuteleza, na uweke kufuli maana hawa wanasukuma kwa pua mpaka kitu kifunguke.

Ndani paka rangi ya kuzuia maji mikono mitatu, kila pembe ziba kwa silikoni, halafu acha likae wazi siku kadhaa mpaka ukiingiza kichwa husikii harufu kabisa. Ukiruka hapo unyevu utakula mbao ndani ya mwaka.

Sasa sikiliza hili watu wanalisahau. Tegu anachimba, anataka udongo wa sentimita 30 kwenda chini. Piga hesabu, mita 2.4 kwa 1.2 kwa 0.3, ukilowa ni karibu tani moja. Wewe uko ghorofa ya ngapi?

BabaRehema
Nyumba ya kupanga mzee wangu, ila ina besimenti, sakafu zege. Sikuwahi kufikiria uzito asante sana.

Fundi Seremala Mzee
Besimenti ndiyo pale pale. Zege la Ohio ni baridi, tandika foamu ngumu chini kwanza ndiyo uweke banda juu yake. Na muulize mwenye nyumba kwanza, kwa maandishi.

Kipusa_wa_Minnesota
Mzee ameongea. Naongeza ya ndani: udongo changanya na mchanga na maganda ya nazi, unashika maji na shimo halibomoki, na usiweke vumbi la mbao za paini wala mierezi. Unyevu uwe asilimia 70 hadi 80, hiyo pete ya ngozi kwenye kidole ni ukavu, anajivua gamba halitoki, likibana sana damu haipiti na kidole kinakatika. Mloweshe maji ya uvuguvugu nusu saa, usilivute kwa nguvu.

Taa weka zote upande mmoja, mwingine uache wa kivuli. Pale anapoota, juu ya jiwe au gogo, pafike digrii 50 za Selsiasi, na hewa ya upande wa baridi iwe kama 25. Usiamini mkono wako, nunua kipimajoto cha kupiga miale. UVB chukua taa ya mrija mrefu, aina ya T5, ifike nusu ya banda au zaidi, na uibadilishe kila mwaka hata kama bado inawaka, mwanga unabaki lakini miale inakuwa imeisha. Usiku giza totoro, hiyo taa nyekundu tupa. Kila taa izungushie waya asiiguse.

Chakula hiyo nyama tupu ndiyo imemfikisha hapo. Panya wa kugandishwa umeyeyusha, mende wa kufugwa, konokono, samaki mzima, mayai yaliyopikwa, papai na maembe kidogo. Parachichi na vitunguu hapana. Nyama ya kusaga ukiitumia nyunyizia unga wa kalsiamu.

DadaNesi
Mimi ni nesi, na kuna mtoto hapo. Reptilia wanabeba salmonela hata wakiwa wazima kabisa. Rehema anawe mikono kwa sabuni kila akimshika, asimbusu, na beseni la Punda lisioshwe kwenye sinki la jikoni. Kama kuna mdogo wake chini ya miaka mitano asimguse kabisa.

mtu_wa_pwani
Samahani wakuu, si amwachie tu porini aende zake, kenge ni kenge.

Kipusa_wa_Minnesota
Hapana ndugu yangu. Ohio atakufa kwa baridi. Na kule Florida waliotoroka na walioachiwa ndio wamezaliana hadi karibu na Everglades, ile hifadhi kubwa ya kinamasi, wanakula mayai ya mamba na ya kasa, ndio ile marufuku ikaja. Tena huko ni mnyama wa kigeni, si kama kenge wetu ambaye yuko kwao.

BabaRehema
Wakuu nimerudi, ni wiki ya tatu. Daktari alimpiga eksirei, mifupa ya miguu ya nyuma imefifia kwenye picha lakini haijavunjika. Kapewa kalsiamu ya maji kwa bomba mdomoni, na dawa ya kupaka tumboni. Mwenye nyumba alikubali, kaandika. Banda nimelimaliza Jumapili, mzee wangu karatasi nne zilitosha kama ulivyosema. Ile ngozi ya kidoleni ilitoka yenyewe siku ya tano ya kuloweshwa, kidole kipo.

Jana nikamwingiza. Alisimama kwenye udongo kama dakika kumi anatoa ulimi tu, akaulamba ubao, akalamba fulana yangu chafu niliyomwekea azoee harufu, halafu akaanza kuchimba kwa miguu ya mbele mpaka ukabaki mkia. Rehema alikuwa amekaa sakafuni na daftari anaandika saa. Leo kala mende wanane na kipande cha papai. Vidole bado vinatetemeka ila si kila siku.

Swali lililobaki ni la maji. Beseni analoingia lote anajisaidia humo humo kila asubuhi, na kulibeba limejaa ni zito. Kuna aliyeweka bomba la kutolea maji chini ya banda?

Fundi Seremala Mzee
Lipo, mwanangu. Usitoboe sakafu ya banda. Tafuta beseni lenye tundu ubavuni, nakutumia mchoro usiku nikitoka kazini.