Anwani ya IP 172.20.5.9 ni daraja B, mbona maski yake (namba inayoonyesha mtandao unaishia wapi) ni 255.255.255.0?

mbale_kompyuta:
Wakuu habari. Ofisi ina kompyuta 40, printa 3, na Wi-Fi ya wageni. Ruta ni 172.20.5.1, maski 255.255.255.0. Vitabu vinasema namba ya kwanza ikiwa 128 hadi 191 ni daraja B, maski 255.255.0.0. Aliyefunga amekosea? Na wageni nawatengaje wasifike kwa wahasibu?

waya_wa_kampala:
Hajakosea, ssebo. Anwani ni biti 32 (tarakimu za 0 au 1) zilizokatwa mafungu manne ya biti 8, ndiyo maana hakuna fungu linalozidi 255. Zamani biti za mwanzo ndizo zilizoamua kila kitu: ikianza na 0 ni A (1–126, 127 ni kompyuta kujiongelea yenyewe), 10 ni B, 110 ni C (192–223). D, 224–239, ni ya kupeleka ujumbe mmoja kwa kundi zima; E imewekwa akiba.

Shida ilikuwa ukubwa. C ina vifaa 254, B 65,534. Mwenye vifaa 300 alipewa B, na zaidi ya 65,000 zikalala bure. Mwaka 1993 ikaja CIDR, mtindo wa kugawa anwani bila madaraja, na tangu hapo maski ndiyo inayosema mtandao unaishia wapi.

Wewe kata mara mbili kwa maski 255.255.255.128: ofisi .0 hadi .127, wageni .128 hadi .255. Kila upande toa ya kwanza (jina la mtandao) na ya mwisho (tangazo kwa wote), zinabaki 126. Lango la wageni (anwani ya ruta upande wao) liwe 172.20.5.129. Watu hubadilisha maski wakasahau lango, likabaki .1: simu inashika Wi-Fi vizuri kabisa, intaneti hakuna, kwa sababu lango liko nje ya mtandao wake.

fundi_arua:
Naongeza: kugawa namba si ukuta. Ruta yenyewe itapitisha pakiti kutoka wageni kwenda ofisini mpaka uiwekee kanuni ya kuzuia. Na kama wote wako swichi moja bila VLAN (kuigawa swichi iwe kama mitandao tofauti), mgeni mjanja anajiandikia 172.20.5.50 kwa mkono, yumo ndani. Printa zipe anwani za kudumu, nje ya zile zinazogawiwa na DHCP (huduma inayovipa vifaa anwani yenyewe), la sivyo siku moja simu ya mtu itapewa namba ya printa.

mbale_kompyuta:
Asanteni. Tawi jipya nilifikiria kuwapa 172.40.1.0, sawa?

waya_wa_kampala:
Hapana! Anwani za mitandao ya ndani ni 172.16 mpaka 172.31 tu, pamoja na 10 yote na 192.168. 172.40 ina wenyewe huko intaneti. Tovuti zao hutazifikia, maana kompyuta zitadhani ziko hapo hapo ofisini. Wape 172.20.6.0.

fundi_arua:
Na ukiona kompyuta ina 169.254, usiguse maski. Hiyo imejipa yenyewe baada ya kukosa jibu la DHCP. Anza na waya.