Nikaha ni Februari: nijaze FAFSA kabla au baada?

BintiLamu_SD
Assalam aleikum wanajukwaa. Niko San Diego, nina miaka 21, mwaka wa 2 chuo kikuu, na nina grinikadi. Nikaha yangu inasomwa Februari, na cheti cha serikali tunachukua siku hiyo hiyo. Mchumba wangu anaendesha malori. Mwaka 2024 alipata kama dola 68,000. Baba yangu mwaka huo aliingiza kama 52,000, nasi nyumbani tuko 6, wazazi na watoto 4, wote twamtegemea yeye.

Binamu zangu wanasema nisubiri niolewe ndipo nijaze FAFSA, yaani fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, ya mwaka wa masomo 2026–27, kwa kuwa aliyeolewa haulizwi mapato ya wazazi. Na mahari imeshapokelewa, wengine wanasema mimi tayari ni mke wa mtu. Mwisho wa kuomba Cal Grant, msaada wa masomo wa jimbo la California, ni tarehe 2 Machi. Bila msaada huu mwaka wa 3 sitausoma, naombeni ushauri.

MamaZuhura
Wa aleikum salaam mwanangu, na hongera. Usisubiri. Nimewajazia wanangu fomu hii kila mwaka, na hapa watu wengi huumia. FAFSA inatazama hali yako ya ndoa siku unayosaini. Posa na mahari havihesabiwi. Mchumba huandikwa kuwa hajaoa wala hajaolewa.

Binamu zako wamekueleza upande mmoja tu. Ni kweli, ukiolewa wazazi hawaulizwi hata kama hujafika miaka 24. Lakini anaulizwa mume, tena mapato yake ya 2024, hata kama wakati huo mlikuwa hamjaoana.

Sasa pima. Kiwango cha umaskini cha 2024 kwa familia ya watu 6 kilikuwa dola 41,960. Wazazi wanaoishi pamoja wakiwa hawajavuka asilimia 175 ya hapo, yaani 73,430, mtoto anapata Pell Grant kamili, msaada wa serikali kuu usiorudishwa: dola 7,395 kwa anayesoma muda wote. Baba yako yuko chini sana ya hapo. Mkiwa wawili, wewe na mume, hata ile Pell ya chini kabisa inayotolewa kwa kuangalia mapato inaishia 56,210. Kwa 68,000 zake mmeshapita.

Jaza wiki hii. Hudanganyi mtu, leo hujaolewa.

Kaka_Columbus
Niongeze kidogo, maana kwangu ilikuwa kinyume. Baba alikuwa na mapato makubwa na hakutaka kunilipia hata kitabu, na ofisi ya chuo haikufanyi mwenye kujitegemea, yaani asiyeulizwa mapato ya wazazi, kwa sababu tu mzazi amekataa. Mke wangu alikuwa mwanafunzi, hana kitu. Tulifunga ndoa kwanza, nikajaza baadaye. Hata kiwango cha mkopo wa serikali kwa mwaka wa 3 kilipanda kutoka 7,500 hadi 12,500. Kwa hiyo dada, usimpe mwenzako jibu lako bila kuangalia mapato ya pande zote mbili.

BintiLamu_SD
Mama, Mungu akulipe. Je, nikishaolewa lazima nirudi kubadilisha?

MamaZuhura
Hapana. Hata ukirudi kuongeza chuo kingine, hali ya ndoa inabaki ile ya siku uliyosaini mara ya kwanza. Chuo kina hiari ya kuisahihisha kikiona haki inadai hivyo, na wakikuuliza, sema kweli. Ila fomu ya 2027–28 utaijaza ukiwa mke wa mtu, na mapato ya mumeo ya 2025 yataingia. Kaeni mlizungumze hilo kabla ya nikaha, mwanangu, asije akashtuka ada ikimwangukia.

BintiLamu_SD
Nimemwambia usiku huu, amekubali tuanze kuweka akiba. Na mama yangu naye afungue akaunti ya FAFSA, au baba pekee?

MamaZuhura
Kama kodi ya 2024 waliwasilisha pamoja, baba pekee anatosha. Hakikisha amebonyeza kukubali taarifa zake za kodi zichukuliwe. Asipokubali, hupati hata senti ya msaada wa serikali kuu.